Treni ya Mwisho ya Kambi Tisa

Mjomba wangu Egidi Luambano hakuwahi kutoa neno la kweli bila kulivika mzaha, na mimi nimechoka kusikia watu wa Mfaranyaki wakimsifu kwa hilo. Wanasema alikuwa dawa ya msiba. Ni kweli. Alikuwa akiingia nyumba yenye kilio, wanawake wamejifunika khanga mpaka puani, na kabla uji haujaiva wanamsihi anyamaze kwa sababu mbavu zinawauma. Wanachoshangaa ni kwamba miaka yake mitano ya mwisho aliketi kimya kama mtu aliyemeza mfupa. Wanasema ni uzee. Si uzee. Nilisafiri naye mwaka wa tisini na nane, nikaona yaliyompata, na sehemu nyingine ya hayo nilimtendea mimi mwenyewe.

Alizaliwa Ruhuwiko kabla mji haujafika huko, mtoto wa kwanza wa bibi yangu Leticia. Mama yangu alikuwa wa mwisho, na katikati alikuwapo Isidori. Mwaka wa hamsini na moja wakala wa mkonge alipokuja Songea kuandikisha vijana wa kwenda Tanga, Egidi alikuwa na miaka kumi na tisa, Isidori kumi na sita. Waliandikishwa siku moja, wakapewa namba zinazofuatana na blanketi mojamoja. Bibi Leticia hakulia. Alichana upindo wa kaniki yake, akaufunga mkono wa huyu na mkono wa yule mbele ya watu wote, kisha akaufungua na kumwambia Egidi: mlivyotoka wawili ndivyo mtakavyorudi wawili. Egidi akamjibu kwamba mzigo ukizidi atamkata Isidori nusu. Watu wakacheka, lori likaondoka.

Shamba lao liliitwa Mabanda Saba, ingawa lilikuwa na kambi tisa. Kutoka kiwandani mpaka Kambi Tisa ilikuwa kilomita kumi na nne, na katikati ya mkonge ilipita reli nyembamba, upana wa hatua moja ya mtu mzima, na juu yake kichwa kidogo cha dizeli kilichovuta mabehewa ya majani kwenda kwenye korona, ile mashine ya kuyachana. Treni hiyo ilikuwa ya mkonge tu. Mtu haruhusiwi kuipanda. Mkataji aliyeonekana amedandia, nyapara alimfutia siku kwenye kipande chake, ile kadi ya kazi, na kipande kisichojaa siku thelathini hakina mshahara. Kwa hiyo kwa miaka kumi na miwili Egidi na mdogo wake walitembea kando ya treni, miiba ya mkonge ikiwachoma mapaja, huku majani waliyoyakata yakipita yamekaa kama wafalme. Egidi mwenyewe alisema hivyo kila alipolewa, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba hatakufa kabla hajaipanda.

Aliyeipanda kwanza ni Isidori. Ilikuwa mwaka wa sitini na tatu, wiki mbili kabla ya lori la kuwarudisha nyumbani. Walikuwa wakirudi kambini jioni, treni ikapita polepole, na Egidi akamtania mdogo wake kwamba miaka yote hii anaogopa vyuma kama mwari anavyoogopa mkwe. Isidori akadandia. Akateleza. Gurudumu likamponda mguu wa kushoto kuanzia kwenye kifundo. Lori lilipokuja, yeye alikuwa amelala zahanati, mguu umefungwa, na mwenye lori alisema hachukui mgonjwa anayenuka. Egidi alimwambia mdogo wake kwamba atarudi kumchukua mwaka unaofuata. Akapanda lori.

Alipoingia uani Ruhuwiko, Bibi Leticia alitazama nyuma yake, akamwuliza mwenzake yuko wapi. Egidi alisema amewaachia watani zetu Wabena wamnenepeshe. Uani kulikuwa na watu ishirini, wote wakaangua kicheko, isipokuwa mama yake.

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha," alisema. "Mpaka Isidori arudi, mzima au udongo wake, wewe usiguse unga."

Sisi ni Wakatoliki tangu babu wa babu, lakini kuna misa na kuna unga, na paroko anajua kuangalia pembeni. Mwanamume mkubwa wa ukoo ndiye anayeshika bakuli na kuwamwagia mahoka, wazee wetu waliotangulia, kila tunapozika, tunapoozesha na tunapovuna. Tangu siku ile bakuli lilikwenda kwa binamu yake, Kajetani, mdogo wake kwa miaka minane. Egidi alikaa nyuma na wakwe. Kila msiba, kila harusi, alikaa nyuma na wakwe, akitania, na watu wakasahau kwamba hapo hapakuwa mahali pake. Yeye hakusahau. Nimemwona mara nyingi akiitazama mikono ya Kajetani inapoingia kwenye unga, anatazama kama mtu mwenye njaa anavyotazama sufuria ya jirani.

Mtaniuliza kwa nini hakwenda kumchukua mdogo wake. Nami nilimwuliza. Mwaka wa kwanza mahindi yalikuwa shambani, wa pili alioa, wa tatu alikuwa na mtoto, na baada ya hapo aliona aibu, na aibu ya Egidi siku zote ilitoka kama kichekesho. Bibi Leticia alikufa mwaka wa sabini akiwa bado anauliza.

Isidori hakuoa. Alibaki Kambi Tisa, akichechemea, akifunga matita ya majani badala ya kukata. Aliyemtazama ni Mbena mmoja wa Njombe, Tadei. Wabena na sisi Wangoni ni watani tangu babu zetu walipomaliza kuuana, na kule mkongeni utani ulikuwa zaidi ya undugu: ukiugua mtani ndiye anayekuchotea maji, ukifa mtani ndiye anayekuchimbia kaburi, na kwa kazi hiyo ana ruhusa ya kukutukana mpaka siku ya kiama na wewe usinune.

Mwaka wa sabini na tisa Tadei alitumia ruhusa yake. Alituma barua kwamba Isidori amefariki na amezikwa. Tuliweka matanga. Tulinyoa nywele, tukasoma misa, Kajetani akachinja beberu. Miezi mitatu baadaye ikaja barua ya Isidori mwenyewe: nasikia nimekufa, nibakishieni mguu wa mbuzi. Mama yangu alikaa chini akalia kwa hasira, lakini utakasirikaje na mtani? Kajetani alimtoza Tadei jogoo kwa barua, jogoo ambaye hajaletwa mpaka leo, na jambo likageuka hadithi ya kuchekea kwenye pombe. Aliyeisimulia vizuri kuliko wote ni Egidi.

Kwa hiyo Februari ya tisini na nane, barua ya pili ya Tadei ilipofika, tulikuwa tumeshajiandaa. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimebomoa nusu ya nchi, na barua ilikuwa imelowa na kukauka mara mbili. Mimi ndiye niliyemsomea Mjomba, nyuma ya cherehani yangu. Tadei aliandika kwamba Isidori anakohoa damu. Shamba limeuzwa kwa mmiliki mpya, barabara ya Kambi Tisa imekatwa na maji, na njia pekee iliyobaki ni reli, nayo itang'olewa mwezi wa nane iuzwe vyuma chakavu. Njoo umchukue mdogo wako, aliandika. Anakutaja.

Egidi alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema Mbena anatafuta mbuzi wa pili. Akaniambia nichukue kalamu. Nilichukua, na nilikuwa nacheka na mimi, sitaki kujisafisha. Haya ndiyo niliyoandika, neno kwa neno, kwa wino wa bluu:

"Mbena, usitusumbue. Mara ya kwanza ulimuua nusu. Safari hii muue vizuri umzike kando ya reli, treni ikipita imwamshe akafanye kazi. Mimi kaka yake nimeruhusu."

Niliipeleka posta mwenyewe.

Mwezi wa sita akarudi Ruhuwiko mtu anaitwa Sixbert, fundi wa korona aliyepunguzwa kazini baada ya shamba kuuzwa. Nilimkuta kanisani. Alinisalimia, akaniuliza kama Mzee Isidori tulishamleta nyumbani, maana alipoondoka Machi alimwacha hawezi kusimama. Nilimwuliza mara tatu kama anatania. Sixbert si mtani wa mtu, ni Mngoni mwenzetu, na ni mtu asiyejua hata kutabasamu. Nilitoka kanisani kabla ya komunyo.

Nilipomwambia Mjomba, alivuta sigara nzima mpaka kishungi. Kisha akasema basi itabidi amletee maiti nguo. Tulikwenda kwenye mitumba ya sokoni akachagua shati jeupe lenye mistari ya kijani, akalijaribu mwenyewe, akasema Isidori alikuwa mwembamba zaidi, akachagua dogo. Hakuna mwingine katika ukoo aliyetaka kufuatana naye. Kajetani alisema tukimleta Isidori mzima atachinja, tukileta udongo atachinja pia, na katika hali yoyote bakuli litarudi kwa mwenyewe. Alisema mbele ya watu. Mjomba alikunja lile shati akaliweka kifuani, ndani ya koti, na halikutoka hapo mpaka Tanga.

Kule Mabanda Saba walituweka siku tatu nje ya ofisi. Siku ya kwanza karani alisema treni si ya abiria. Siku ya pili alisema hata kama ingekuwa ya abiria, sisi si abiria, sisi ni wapita njia. Siku ya tatu akaja msimamizi wa kung'oa reli, mtu mnene mwenye miwani ya jua, akasema kesho kichwa kinakwenda Kambi Tisa kwa mara ya mwisho kuchukua pampu ya maji na vyuma na watu waliobaki, kinarudi mchana huohuo, na keshokutwa vibarua wanaanza kung'oa kuanzia mwisho. Anaweza kutupa kibali cha siku moja. Sharti ni mzee asaidie kazi njiani, na atie dole gumba kwenye karatasi kwamba akifa hadai. Mjomba alimwuliza akishakufa atakwenda kudai kwa nani. Msimamizi hakucheka. Akamsogezea wino.

Basi Egidi Luambano akaipanda treni ya mkonge. Alikuwa na miaka sitini na sita. Tulikaa kwenye behewa la kwanza nyuma ya kichwa, behewa lenyewe ni sakafu ya mbao na vyuma vinne vya pembeni, miguu inaning'inia. Mkonge ulikuwa umemezwa na nyasi, milingoti imekauka, na mahali pengine reli ilikuwa haionekani, dereva anaendesha kwa kujua tu. Sijawahi kumwona mtu mzima amefurahi hivyo. Alinionyesha kila kambi kwa jina la aliyefia hapo na kosa lake. Alipunga mkono kwa nyani. Alisema nyapara wake, kule alipo, ajue kwamba namba mia nne na kumi na saba amekaa. Msimamizi, aliyekuwa mbele na dereva, alimpigia kelele mara mbili atulie, na mara ya pili akamwamuru ahamie behewa la nyuma peke yake kama mzigo. Mjomba akahamia, akapunga kutoka huko.

Kilomita ya kumi na moja kuna bonde lenye kalvati na kijito. Kichwa kilikuwa kimechemka, dereva akasimama kukipoza. Mabehewa hayakuwa na breki, na kwa mteremko ule yangejisukuma, kwa hiyo akataka mawe ya kuzuia magurudumu. Msimamizi akamwambia Mjomba ndiyo kazi yake hiyo. Mjomba akatazama huku na huku. Kulikuwa na tuta la udongo hatua nne kutoka kwenye reli, lenye mawe mazuri makubwa. Akachukua moja, akachukua la pili, akayasukumia chini ya magurudumu. Kisha akakaa juu ya lile tuta, kwa kuwa kwingine kulikuwa na tope, akafungua mfuko wa mihogo ya kuchemsha, akala. Alimgawia dereva. Na akiwa anakula akamsimulia dereva habari ya Mbena na beberu, na jogoo ambaye hakuletwa, na barua aliyomjibu. Aliisema barua yote kwa kichwa. Dereva alicheka mpaka akapaliwa na muhogo.

Tulipokaribia Kambi Tisa, naye amesharudi behewa langu, niliona suruali yake kwa nyuma imejaa udongo mwekundu wenye unyevu. Sikutaka watu wa kambini waone tumemleta mzee mchafu kumpokea mdogo wake. Nilimwambia ageuke. Nikamkung'uta vizuri kwa khanga yangu, huku na huku, mpaka udongo wote ukaanguka relini. Alisema ninampiga kama mkeka.

Tadei alikuwa amesimama mwisho wa reli na sanduku la bati. Mzee mrefu, kichwa cheupe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Mjomba aliruka chini kama kijana, shati liko mkononi tayari, akasema kwa sauti kubwa:

"Mbena, yuko wapi yule maiti wako? Nimemletea nguo."

Mtani lazima ajibu. Hata akiwa na homa hujibu. Tadei hakujibu. Aliinama akafungua sanduku, akatoa barua yangu ya wino wa bluu imekunjwa mara nne, akampa Mjomba mkononi.

"Ilifika tarehe tano Machi," alisema. "Nilimsomea."

Mjomba aliuliza alisema nini.

"Alicheka. Alicheka mpaka akatoa damu. Kisha akaniambia nisome tena." Tadei alifunga sanduku. "Mara ya pili hakucheka."

Sitasema Mjomba alifanya nini na uso wake. Tadei aliendelea, polepole, kama mtu aliyelikariri neno hilo kwa miezi. Isidori alikufa siku ya nne baada ya barua. Alikataa kuzikwa makaburi ya kambi. Alisema kaka ndiye mkubwa, na kaka amesema kando ya reli, basi ni kando ya reli. Mahali alipachagua mwenyewe: kwenye kalvati, kilomita ya kumi na moja, kwa sababu treni lazima isimame pale kupoza maji. Alisema, kaka akija ataniona. Tadei alimbeba kwa toroli ya kusukuma, yeye na wenzake wawili. Alichimba mwenyewe. Aliweka mawe manne, mawili kichwani, mawili miguuni, maana msalaba wa mti ungeliwa na mchwa.

"Mawe umeyaona?" alimwuliza Mjomba.

Mimi ndiye niliyejibu kwamba tumeyaona.

Mjomba alitaka kurudi kwa miguu saa ileile. Kilomita tatu, alisema, atachota udongo na atamwomba msamaha. Msimamizi alisema pampu imekwisha kufungwa, treni inaondoka, na atakayebaki amebaki. Mjomba akaanza kutembea. Nilimkimbilia nikamshika koti. Nilimwambia treni itapita palepale, na tutamwomba asimame. Nilikwenda kwa msimamizi nikamwomba kwa heshima zote, nikamwelezea kaburi, nikamwelezea udongo na bakuli, mambo ambayo mtu haelezi mgeni. Alinisikiliza akiwa amevua miwani. Alisema sawa, atasimama dakika mbili. Nikamrudisha Mjomba behewani. Huo ndio mkono wangu wa kwanza katika jambo hili, ukiacha barua.

Mabehewa sasa yalikuwa na pampu na vyuma, na juu ya vyuma watu kumi na mmoja na kuku wao. Mjomba alikaa ukingoni kabisa, shati limetandazwa magotini, mikono juu yake. Tadei alikaa karibu naye. Tulipoanza kushuka kuelekea bondeni nilisubiri kusikia kichwa kikipunguza mwendo. Kikaongeza. Nilipiga kelele. Msimamizi hakugeuka. Tadei alinyoosha kidole, akasema, pale. Tuta lilikuwa na mawe mawili badala ya manne. Yale mengine mawili yalikuwa kando ya reli, palepale Mjomba alipoyaacha asubuhi. Mjomba alinyoosha mkono wote mpaka nikamshika mshipi asianguke. Nyasi zilimchapa vidole. Tukapita, kichwa kikaupanda mlima wa upande wa pili kikinguruma, na tuta likafichwa na mkonge.

Kiwandani nilimfuata msimamizi nikamwuliza kwa nini. Alisema mzigo ule ukisimama bondeni haupandi tena, na kwamba alijua hivyo tangu mwanzo, ila bila kuniambia sawa tungemchelewesha. Alisema bila uovu wowote, kama mtu anayekueleza bei ya sukari. Kesho yake tulitaka kurudi kwa miguu. Walinzi wa mwenye shamba walikuwa wamekwisha kuwekwa. Kibali chetu kilikuwa cha siku moja.

Tadei alituaga stendi. Yeye alikuwa akielekea kwa binti yake Korogwe. Alimpa Mjomba mkono, na nilitumaini atasema lolote, hata tusi, maana tusi la mtani lingekuwa rehema. Alisema, "Safiri salama, Bwana Luambano." Wabena hawatuiti bwana. Hapo utani wetu ulikuwa umekwisha.

Siku ya mwisho ya safari, basi lilipasuka tairi Madaba. Abiria walishuka kununua mahindi ya kuchoma. Mjomba alibaki kitini, shati magotini, jeupe, halina hata doa. Nilimfikiria Kajetani na ukoo wote wakitungoja. Nilimfikiria huyu mzee akirudi tena nyuma na wakwe, safari hii mpaka kifo. Nilichukua lile shati kutoka magotini mwake, nikashuka, nikaenda nyuma ya kibanda cha mahindi, nikachota udongo kwa viganja viwili. Ulikuwa mwekundu vilevile. Nilifunga mikono ya shati juu yake. Nilipoinuka nikaona ananitazama dirishani. Nilimrudishia magotini. Hakuniuliza kitu, na mimi sikumwambia kitu, mpaka Songea.

Kajetani alitimiza neno lake. Misa ilisomwa asubuhi, beberu akachinjwa, na mchana tulikwenda makaburini Ruhuwiko, ukoo mzima, watu kama mia. Lile shati liliwekwa ndani ya shimo dogo ubavuni mwa Bibi Leticia. Wazee walilia. Kajetani alisimama na bakuli, akasema maneno mazuri sana, kwamba walioondoka wawili wamerudi wawili, na kwamba yeye amechoka kushika kisicho chake. Akamkabidhi Mjomba bakuli.

Mjomba alilishika. Miaka thelathini na mitano aliitazama mikono ya mwingine, na sasa unga ulikuwa mikononi mwake. Alisimama. Tulisubiri.

"Huu si udongo wa Isidori," alisema. "Ni wa Madaba, pale basi lilipopasuka tairi. Isidori nilimkalia nikala mihogo, kisha tukampita."

Niliona uso wa Kajetani unaanza kubadilika, niliona wazee wanageuziana shingo, na nikajua nina muda wa pumzi moja tu.

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, kwa kupiga mapaja, kama nilivyocheka siku ile nyuma ya cherehani. Wa pembeni yangu akadakia, kisha akina mama, kisha watu wote mia wakawa wanacheka makaburini, na Kajetani anajifuta machozi akisema Egidi huyu hata kuzimu atamtania bawabu.

"Ni kweli ninayosema," Mjomba alisema. "Jamani, ni kweli."

Wakacheka zaidi. Mmoja akamwambia aache, mbavu zinauma.

Alinitazama mimi peke yangu, kwa muda mrefu. Kisha akatia mkono kwenye bakuli, akamwaga. Tangu siku hiyo mpaka anakufa hakumtania mtu, wala hakunisemesha. Jioni ile, kwenye nyama, watu walinisifu. Walisema kicheko kile nimekirithi kwa Mjomba.